Julai ndio mwezi wa kuyakabili magugu ya uani, si Oktoba

MAWINGU yanapotanda juu ya nyanda za juu kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, wakazi wengi wa Nairobi, Kiambu, Limuru na Nyeri huziacha nyasi za nyua zao zijitunze zenyewe. Mashine ya kukatia nyasi hufungiwa stoo, mtunza bustani huambiwa aje mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, naye mwenye nyumba hujifunika blanketi kusubiri jua la Septemba.

Septemba ikifika hutoka nje na kukuta uwanja aliouacha ukiwa kijani umejaa madoadoa. Hapa pana kishada cha maua ya zambarau, pale pana majani mapana yaliyolala chini kama sahani, na kandokando ya ukuta kishona nguo kimekwisha kukomaa na kumwaga mbegu. Hapo ndipo dawa hununuliwa kwa pupa, na fundi huitwa anyunyize uwanja wote.

Dawa hiyo huwa imechelewa miezi miwili. Mara nyingi pia huwa haikuhitajika, kwa kuwa mengi ya magugu yanayotutia hasira mwezi wa Oktoba yalikuwa mikononi mwetu mwezi wa Julai, yakiwa machanga, katika udongo laini, na kabla ya kuzaa.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kwanza tuitazame baridi yenyewe. Sisi hatuna majira ya theluji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta, hivyo mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kinacholeta baridi ya Julai ni mawingu. Upepo wa kusini-mashariki kutoka Bahari Hindi hupanda miinuko, hupoa, na kuacha tabaka zito la mawingu ya chini ambalo siku nyingine halifumuki mpaka alasiri. Usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzijoto 11 au 12, na mchana hupanda kwa shida hadi 21 au 22. Limuru na Kinangop ni baridi zaidi.

Kwa mmea, baridi ya namna hii ni adhabu mbili kwa wakati mmoja. Joto limepungua, na mwanga nao umefifia. Adhabu hizo haziwaangukii wote kwa uzito sawa.

Nyasi za Kikuyu, ambazo ndizo zilizotandazwa katika nyua nyingi za nyanda za juu, ni za kundi ambalo wanabayolojia huliita mimea ya C4. Mimea hiyo ina mtambo wa ziada ndani ya jani, unaokusanya kaboni dioksidi na kuisukumia mahali sukari inapotengenezwa. Jua likiwa kali mtambo huo huleta faida kubwa, na ndiyo sababu nyasi hizi hukua kwa kasi ya kutisha mvua za Aprili zinapokutana na jua. Hata hivyo, mtambo wenyewe unahitaji nishati ili ufanye kazi, na nishati hiyo hutokana na mwanga. Mawingu yakitanda, gharama hubaki palepale huku mapato yakipungua.

Magugu mengi ya majani mapana hayana mtambo huo. Hutengeneza sukari kwa njia ya zamani zaidi, yenye gharama ndogo, ambayo katika jua kali hupitwa mbali lakini katika siku ya mawingu yenye nyuzijoto 16 hufanya kazi bila kulalamika. Kwa hiyo, katika wiki 10 hivi za baridi, nyasi hupunguza mwendo ilhali magugu yanaendelea kwa mwendo wao wa kawaida. Magugu hayo hayakuota mwezi Julai. Mengi yaliota pamoja na mvua za Machi na Aprili, yakafichwa na nyasi zilizokuwa zikikimbia, na sasa yamepata nafasi ya kuonekana.

Tuongeze kwamba nyasi za Kikuyu si mgeni hapa. Asili yake ni miinuko hii hii ya Afrika Mashariki, na jina lake limetokana na watu wa nchi ya Wakikuyu. Miongoni mwa nyasi za kundi lake ni mojawapo ya zile zinazostahimili baridi zaidi. Hazifi Julai, husinzia tu. Wataalamu waliipa jina la Kilatini linalomaanisha iliyojificha, kwa sababu ua lake hufichama ndani ya ala ya jani na ni wachache wanaoliona. Mwaka 2010 walibadili sehemu ya kwanza ya jina hilo, kutoka Pennisetum hadi Cenchrus, ila sehemu ya siri ikabaki.

Kwa wenzetu wa California mambo yamegeuka. Nyasi hizi zilipelekwa huko karibu karne moja iliyopita ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, zikapenda hali ya hewa ya pwani ile isiyo na baridi kali, na leo sheria ya serikali ya Marekani inaziorodhesha miongoni mwa magugu mabaya. Klabu ya gofu ya Riviera mjini Los Angeles imekubali yaishe na kuchezea juu yake. Yaani kile tunachokilinda hapa dhidi ya magugu, huko ndicho gugu lenyewe. Taarifa hiyo si ya kuchekesha tu: dawa ya triclopyr, ambayo huko hutumiwa kuzidhoofisha nyasi za Kikuyu, haifai kabisa kunyunyizwa kwenye uwanja wako, hata kama muuzaji atakuambia kwamba ni ya majani mapana.

Turudi uani. Si kila gugu la kushughulikiwa Julai, na hapa ndipo wengi hupoteza nguvu zao.

Wa kwanza kushughulikiwa ni wale wanaoishi kwa mbegu: kishona nguo, na galinsoga, ile mimea midogo ya maua meupe yenye kitovu cha manjano ambayo wakulima wa Mlima Kenya huiita mung'ei. Mizizi yao ni mifupi na udongo wa Julai, ambao bado una unyevu wa masika na manyunyu ya asubuhi, huiachia kwa urahisi. Mmea mmoja wa kishona nguo ukiachwa ukomae unaweza kuzaa mbegu 3,000 na zaidi, kila moja ikiwa na miiba ya kunasa soksi za mtoto na manyoya ya mbwa. Ukiung'oa kabla ya ua kufunguka umemaliza kazi. Ukiung'oa baada ya mbegu kukauka, umezisambaza kwa mkono wako mwenyewe.

Wa pili ni wale wenye mzizi mmoja mrefu unaoshuka wima, kama mchunga na jamaa zake wa maua ya manjano. Hawa hawavutwi. Ukivuta, jani hubaki mkononi na mzizi hubaki ardhini, na baada ya wiki tatu unarudi ukiwa na vichwa viwili mahali pa kimoja. Tumia kisu chembamba kirefu au bisibisi kuukuu: chomeka kando ya mzizi, tikisa, kisha inua. Fanya hivyo asubuhi baada ya manyunyu, usingoje ardhi ikauke.

Wa tatu huwatoa watu jasho. Ni oksalisi, mmea wa majani matatu yaliyopasuka mfano wa mkia wa samaki, wenye ladha ya uchachu ambayo kila mtoto aliyekulia nyanda za juu anaijua. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na wakulima wa kahawa wanaifahamu vizuri. Chini ya ardhi ina kitunguu kidogo kilichozungukwa na vitunguu vingine vidogo zaidi, ambavyo havijashikana sana na mama yao. Ukiuvuta mmea, mama huja na watoto hubaki. Ukilima kwa jembe, unawatawanya.

Njia ya kuikabili ni ya polepole. Katika eneo dogo, ingiza uma wa bustani, inua bonge zima la udongo, lipekue kwa vidole, na utie vitunguu hivyo kwenye mfuko wa kutupwa. Usivitie kwenye shimo la mboji, kwani havitaoza. Katika eneo kubwa kazi hiyo haiwezekani, na la busara ni kukata majani yake kila yanapochipuka ili kitunguu kitumie akiba yake bila kupata malipo. Julai husaidia kwa kuwa nyasi zimetulia na majani hayo huonekana waziwazi. Usitarajie ushindi wa mwaka mmoja.

Wa kuachwa ni ndago. Najua ushauri huu utawaudhi wasomaji, maana hakuna gugu linalochukiwa kama ndago, na wanasayansi waliowahi kuyapanga magugu ya dunia kwa ubaya waliliweka la kwanza. Lakini ndago nayo ni mmea wa C4, nayo hupenda joto, na Julai imesinzia kama nyasi zenyewe. Chini ina viazi vidogo vilivyofungamana kama shanga katika uzi. Maadamu uzi haujakatika, kiazi cha mbele huwazuia wenzake wasichipue. Jembe linapoukata uzi huo, kila kiazi hujiona huru na huchipua peke yake. Hivyo mtu analima ndago moja Julai na kuvuna sita Oktoba.

Ndago ina miezi yake, nayo ni Januari na Februari, wakati wa jua kali na ardhi kavu. Kiazi kilichofukuliwa na kuachwa juu ya udongo kikipigwa na jua kwa siku kadhaa mfululizo hukauka na kufa. Katika manyunyu ya Julai kiazi hicho hicho kingelala juu ya udongo kwa starehe na kuota mizizi upya. Sangari, nyasi ngumu ya mizizi mirefu ya chini kwa chini inayowasumbua wakulima wa mashambani, hufuata kanuni hiyo hiyo.

Kabla ya kuinuka ulipopiga magoti, soma udongo. Magugu ni barua. Majani mapana ya plantago yaliyobanana kwenye njia ya kupitia yanakuambia kwamba ardhi imeshindiliwa na miguu au magurudumu ya gari, na mizizi ya nyasi haipati hewa. Toboa kwa uma wa bustani hadi kina cha kidole kirefu, kila baada ya hatua ndogo. Karafuu mwitu ya majani matatu, ile klova nyeupe ambayo kwetu ni ya asili, inakuambia kwamba udongo una upungufu wa naitrojeni, kwani yenyewe hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini na haihitaji yako. Binafsi siioni klova kuwa adui. Ni laini, hubaki kijani wakati wa kiangazi na nyuki huipenda. Tatizo ni hao nyuki pale watoto wanapocheza bila viatu.

Kuhusu ukataji wa nyasi, kosa linalotendwa karibu kila mtaa ni kuzinyoa kabisa mwanzoni mwa baridi ili zisihitaji kukatwa tena kwa muda mrefu. Kila jani linaloondolewa ni kiwanda kilichofungwa katika msimu ambao viwanda tayari vinafanya kazi nusu. Mwanga unaofika ardhini baada ya kunyoa huziamsha mbegu za magugu zilizokuwa zikingojea. Inua kisu cha mashine hadi sentimita tano au zaidi, kata kila baada ya wiki mbili au tatu, na usiondoe zaidi ya thuluthi moja ya urefu kwa mara moja. Anayetumia fyekeo na afuate kipimo hicho kwa jicho. Kazi ya kuondoa lile tabaka nene la mashina makavu ambalo nyasi za Kikuyu hulirundika iachwe hadi Oktoba, mvua za vuli zinapoanza na nyasi zina nguvu ya kupona.

Mashine na fyekeo zinazohama kutoka ua mmoja hadi mwingine zioshwe. Watunza bustani wa vibarua hupitia nyumba tano au sita kwa wiki, na mbegu za jirani husafiri chini ya kisu. Samadi isiyooza vizuri na udongo mwekundu unaonunuliwa kwa lori ni njia nyingine kuu ya ndago kuingia mahali ambapo haikuwapo.

Sasa tuzungumzie dawa, ambako hasara yake si ya nyasi peke yake.

Dawa ya 2,4-D, iliyovumbuliwa miaka ya 1940, huua majani mapana na kuziacha nyasi. Hufanya hivyo kwa kuiga homoni ya ukuaji: gugu hulazimika kukua ovyo hadi lijisokote na kufa. Neno la kuzingatia hapo ni kukua. Gugu linalopigwa na baridi ya asubuhi hufyonza dawa polepole na kuisafirisha mizizini polepole zaidi. Isitoshe, dawa inahitaji saa kadhaa bila mvua, na katika Julai ya manyunyu saa hizo ni adimu. Kinachofuata kinajulikana. Wiki moja inapita bila dalili, mwenye nyumba anamwambia fundi kwamba dawa ni bandia, fundi anarudia kwa kipimo maradufu. Jua linaporudi Agosti, dozi zote mbili hufanya kazi pamoja, na nyanya za jirani zilizo upande wa upepo, ambazo haziivumilii dawa hii hata kidogo, hukunjamana majani.

Wengine hukimbilia glaifosati. Hiyo haichagui, huua nyasi pamoja na gugu na kuacha mabaka ya udongo mtupu, ambayo mvua za vuli huyajaza mbegu mpya kabla ya nyasi kuyafunika. Kuhusu usalama wake, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, huku wadhibiti wa Marekani na wa Umoja wa Ulaya wakishikilia kwamba ushahidi hautoshi. Ulaya iliiongezea kibali cha miaka 10 mwaka 2023. Mabishano hayo yataendelea. Paraquat haina mabishano ya namna hiyo: funda moja linaweza kuua, haina kiuasumu, na ilifutiwa idhini katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Haina nafasi karibu na nyumba yenye mtoto.

Hatari kubwa zaidi katika nyua zetu ni chupa. Dawa hununuliwa kwa lita, hugawanywa kwa majirani, na sehemu yake huishia katika chupa ya soda isiyo na kibandiko, juu ya rafu ya stoo. Sheria ya Kenya, Sura ya 346, inataka dawa iwe imesajiliwa na bodi ya PCPB, na nambari ya usajili ichapishwe kwenye kibandiko pamoja na maelezo ya matumizi. Dawa iliyohamishwa chupa imepoteza hayo yote. Usinunue iliyopunguzwa na kumiminwa dukani, na usimpe mtunza bustani kazi ya kunyunyiza bila glavu, gambuti, shati la mikono mirefu na kinga ya macho. Kibarua mwenye pampu mgongoni inayovuja ndiye anayeubeba mzigo wa haraka yetu, na mara nyingi hana namna ya kukataa.

Ikiwa ni lazima dawa itumike, itumike kwa doa moja moja mwishoni mwa Agosti au Septemba, joto linapopanda na magugu yanapokua, katika asubuhi isiyo na upepo. Chumvi, oili chafu ya gari na mafuta taa, ambayo bado yanapendekezwa vibarazani, si dawa. Yanauharibu udongo wenyewe. Maji yanayochemka, yakimwagwa kwenye nyufa za vigae vya njia, yanatosha kwa magugu machanga ya hapo.

Mbolea pia isubiri. Naitrojeni inayomwagwa Julai huliwa na walio macho, yaani magugu. Itie mvua za vuli zinapokaribia: gramu 20 hivi za CAN kwa kila mita moja ya mraba, kisha maji. Wakati huo huo pandikiza vipande vya mashina ya nyasi katika kila tundu lililoachwa na gugu uliloling'oa. Tundu lisilojazwa halikai tupu kwa zaidi ya wiki chache.

Pale penye kivuli cha kudumu, chini ya mti mkubwa au nyuma ya ukuta mrefu, nyasi za Kikuyu hazitashinda Julai wala Januari, na kila mwaka zitakukodishia magugu. Punguza matawi kama inawezekana. La sivyo, badilisha. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana na zinazopandwa kutoka Pwani hadi Nairobi, huvumilia kivuli vizuri zaidi.

Na nyasi zinazokatwa huenda wapi? Katika mitaa mingi hutiwa gunia, na mtunza bustani huzipeleka kwa sungura wake au kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, maana nyasi za Kikuyu ni lishe nzuri. Wapo pia wanaochuma mchicha na mnavu unaojiotea kando ya ua kwa ajili ya mboga ya jioni. Uwanja ukinyunyizwa dawa, lishe na mboga hiyo si salama, na nyasi zake hazifai hata kufunika miche ya nyanya. Muda wa kungojea huandikwa kwenye kibandiko. Mwambie mtu huyo siku hiyo hiyo, kabla hajafunga gunia lake.